Ramani imekuwa nzito baada ya kupandisha serveri: musinunue mashini ingine kwanza



Tangu mwaka ulianza, watu watatu tuliosoma nao wameniandikia swali moja: "QGIS yetu imekuwa nzito tangu walibadilisha mfumo wa serveri, tufanye nini?" Mmoja yuko Uvira, mwingine Goma, wa tatu yuko hapa hapa Bukavu, upande wa Ibanda. Nimechoka kurudilia maneno yale yale kwa audio za WhatsApp, basi naandika yote hapa mara moja. Mimi ni agronomu, sikusomea informatiki. Lakini munajua vile inakuwaga: katika biro ya watu sita, yule wa kwanza kufungua QGIS anakuwa "informatisien" wa biro bila mtu kumuuliza.

Kwa wale ambao hawajafanya kazi hii, nieleze kidogo. QGIS ni programu ya kuchora na kusoma ramani, na ni ya bure. Iko ndani ya ordinatere yako. Lakini mashamba yenyewe, yaani mipaka yao, majina ya vijiji, kaya, ziara za ma-ajenti, mara nyingi hayako ndani ya ordinatere yako. Yako kwa serveri, ndani ya baze inayoitwa PostgreSQL, pamoja na nyongeza yake PostGIS, ambayo ndiyo inaelewa umbo na mahali. Kila ukisogeza ramani kwa kidole ao kwa panya, QGIS inatuma ombi kule: "nipe mashamba yote yaliyo ndani ya mraba huu". Serveri inajibu, QGIS inachora. Kwa hiyo "QGIS iko nzito" ni neno la haraka. Uzito unaweza kuwa mahali pane: ordinatere yako, njia ya kati, baze, ao mashini ya serveri yenyewe. Nimeona watu wakitupa feza kwa ile ya nne wakati shida iko kwa ya tatu.

Kesi yetu ni ya mwezi wa munane 2024. Serveri ilikuwa na Ubuntu 20.04, ambayo msaada wake wa kawaida ulikuwa unaisha mwaka 2025, na wafadhili wetu hawapendi mfumo usio na ulinzi. Siku ya posho fundi mmoja alikuja, akapandisha hadi Ubuntu 22.04. Pamoja na hiyo, baze ikatoka PostgreSQL 12 ikaenda 14. Siku ya kwanza asubuhi tulikuta data zote ziko, hata shamba moja halikupotea. Ila ramani haikufunguka. Safu ya mashamba ambayo zamani ilikuja wakati unavuta kiti, sasa inachukua karibu dakika mbili. Na ile orodha kubwa, inayounganisha mashamba na kaya na ziara, ilizunguka mpaka QGIS ikajifunga. Mama wa logistiki alikuja mara tatu kwa mlango: "Iko nazunguka tu tangu asubuyi, sasa ma-kamyo niwaambie nini?"

Swali lake lilikuwa na uzito. Musimu A kwetu haungoji mtu. Mvua za mwezi wa kenda zikianza, watu wa Kabare na Walungu wanapanda, na maharagwe yakifika kwa mkulima majuma matatu nyuma, yanaliwa. Hayo munajua, sina haja ya kuwafundisha. Orodha yetu ndiyo ilikuwa inaamua nani apate maharagwe ya kupanda juu ya miti, yale ya milimani, na nani apate mafupi, kulingana na urefu wa shamba juu ya bahari, mteremko, na umbali hadi mahali pa kugawa. Bila orodha, kamyo inaenda na mifuko iliyochanganyika, na kule juu unagawa kwa macho. Wakati huo shefu alikuwa ameshaomba bei ya serveri mpya kwa duka moja. Feza ingetoka wapi? Kwa mstari wa mafuta na wapagazi. Yaani tungekuwa na mashini nzuri sana Bukavu, na mbegu zimelala depo.

Sasa tuingie kwa kazi.

Kitu cha kwanza ni kugawanya shida, sawa vile unafanyaga na mmea unaonyauka: hauanzi na dawa, unaangalia kwanza kama ni mzizi, shina ao jani. Chukua safu moja ya mashamba, iweke kama faili ya GeoPackage ndani ya disiki ya ordinatere yako, uifungue kwa QGIS ile ile. Ikifunguka haraka, ordinatere na QGIS hawana kosa. Kwetu ilifunguka kwa pigo moja. Basi yule aliyesema turudishe toleo la zamani la QGIS, tulimnyamazisha hapo hapo.

Angalia pia picha ya nyuma. Watu wengi wanawekaga OpenStreetMap ao picha ya satelaiti chini ya ramani yao, na hiyo inatoka kwa intaneti. Koneksioni ikilegea, ramani yote inaonekana imelegea, na serveri yako haina habari. Ondoa alama kwa safu hiyo, ujaribu tena. Kwa toleo za karibuni za QGIS, ukibonyeza F12 inafunguka sehemu inayokuonyesha kila ombi na muda wake. Hapo utaona ni nani anakuchelewesha, hakuna kubishana.

Cha pili, njia ya kati. Hapa Bukavu kila shida tunaipeleka kwa koneksioni, na kusema kweli mara nyingi tuko na haki. Lakini hii inapimika. Ingia ndani ya serveri yenyewe, fungua psql, andika \timing, halafu tuma ombi lile lile ambalo QGIS inatuma. Ukiwa ndani ya serveri, hakuna waya wala Wi-Fi kati yako na baze. Kama ni haraka hapo na pole kwa ordinatere yako, tafuta shida kwa waya, kwa Wi-Fi, kwa ruta. Kama ni pole hapo pia, acha koneksioni ya watu. Kwetu ilikuwa pole hapo pia, sekunde 96 kwa safu moja ya mashamba.

Basi ilibaki baze ao mashini. Na hapa kuna amri moja ambayo kila agronomu anayeshika baze angepaswa kuijua kuliko zote: EXPLAIN ANALYZE. Unaiweka mbele ya ombi lako, na baze, pamoja na kufanya kazi, inakueleza ilipita njia gani, kila hatua ilichukua muda gani, ilitazamia kukuta mistari mingapi, na ilikuta mingapi kweli. Hizo namba mbili za mwisho ndizo za kuangalia. Kwetu ilitazamia mstari 1. Ilikuta zaidi ya elfu arobaini.

Hapo agronomu anaweza kuelewa haraka kuliko mtu wa informatiki. Munakumbuka tulivyopimaga mavuno: huvuni shamba lote ili ujue hektari itatoa ngapi. Unaweka miraba michache ndani ya shamba, kwa bahati nasibu, unavuna humo, unapima, unakadiria. PostgreSQL inafanya hivyo hivyo na data zake. Kuna amri ANALYZE, ambayo inachukua sampuli ya mistari, kwa kawaida hadi 30,000 kwa jedwali, na inaandika pembeni kama ndani ya karne ya agronomu: jedwali hili lina mistari karibu ngapi, thamani gani zinarudia sana, mashamba yamejaa upande gani wa ramani na wapi ni patupu. Hizo zinaitwa takwimu za baze. Kila ombi likiingia, sehemu ya baze inayopanga njia inasoma hiyo karne kwanza. Nipite kwa indeksi ao nisome jedwali lote? Nianze na mashamba ao na kaya? Inaamua kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na haina kitu kingine cha kuiongoza ila zile takwimu.

Sasa, chombo ambacho fundi alitumia kuhamisha baze kutoka 12 kwenda 14 kinaitwa pg_upgrade. Ni chombo kizuri na cha haraka. Kinahamisha majedwali, kinahamisha indeksi, kinahamisha majina ya watumiaji. Zile takwimu hakizihamishi. Na hakifichi: kwa mwisho kinaandika wazi kwamba takwimu hazikuja, na kinataja amri ya kufanya. Lakini hiyo ni mistari michache kwa skrini nyeusi, siku ya posho jioni, na umeme uko karibu kukatika.

Kwa hiyo baze yetu ilikuwa sawa na agronomu mupya aliyetumwa Kalehe bila karne, bila karte, bila mtu wa kumuongoza. Anajua kazi, hajui mahali. Ilifikiri ndani ya mraba wa ramani kuna shamba moja, basi ikachagua njia inayofaa kwa shamba moja: kuchukua shamba, kufungua daftari la ziara tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kutafuta, kufunga. Kwa shamba moja hiyo si mbaya. Kwa mashamba elfu arobaini ni kufungua daftari zima mara elfu arobaini. Hakuna kitu kilichovunjika. Indeksi zilikuwa nzima, mashini nzima, data nzima.

Dawa ilikuwa mstari mmoja, ukiwa ndani ya serveri kama mtumiaji postgres:

vacuumdb --all --analyze-in-stages

Inafanya sampuli kwa awamu tatu: kwanza ndogo sana ili watu waanze kazi, halafu ya kati, halafu kamili. Kwetu ilimaliza kabla chai haijapoa. Ile orodha iliyokuwa inafunga QGIS ikatoka kwa sekunde 11.

Mtu ataniuliza: si baze inajichukuliaga takwimu yenyewe kwa nyuma? Ndiyo, kuna kazi ya nyuma inayofanya hivyo. Lakini inaamka wakati mistari mingi ya jedwali imebadilika: imeongezwa, imefutwa, imeandikwa upya. Baada ya kuhama, hesabu ya mabadiliko inaanza tena kwa sifuri. Jedwali la ziara litaamshwa siku moja, juu ma-ajenti wanaandika humo kila siku. Lakini mipaka ya mashamba, mipaka ya vijiji, safu ya urefu wa milima, nani anaigusa? Zinaweza kukaa miezi bila takwimu. Ndiyo maana wale wanaosema "tungoje, itazoea" wanangoja bure.

Sekunde 11 zilikuwa zinatosha kutoa orodha, lakini zamani ilikuwa 3. Na hapa ndipo kuna jambo la pili, ambalo nadhani ndilo la wengi wenu.

Toleo jipya la PostgreSQL linakuja na faili yake mpya ya mipangilio, postgresql.conf, yenye namba za kiwandani. pg_upgrade haigusi hiyo. Mipangilio yote ambayo mtu aliweka miaka ya nyuma kwa faili ya zamani inabaki kule, ndani ya folda ya 12, hakuna anayeisoma tena. Na namba za kiwandani ni za mashini ndogo sana. Andika SHOW shared_buffers, uone. Ni sehemu ya kumbukumbu ambayo baze inajitengea. Ya kiwandani ni 128MB. Serveri yetu ina giga 16! Ni kama kuwa na depo ya tani mia na kutumia kona moja ya mlangoni. Waandishi wa PostgreSQL wenyewe wanashauri kuanzia kwa karibu robo ya kumbukumbu ya mashini, kama mashini inafanya kazi hiyo tu. Faili ya zamani ilikuwa na 4GB. Tuliirudisha, tukaanzisha upya baze.

Angalia pia random_page_cost. Namba ya kiwandani ni 4, na inatoka kwa wakati wa disiki zinazozunguka, ambako kuruka huku na huku ni gharama. Kama serveri yako ina SSD, wengi wanaweka 1.1. Ukiacha 4, baze inaogopa indeksi bila sababu.

Na kuna kitu kinaitwa JIT. Tangu PostgreSQL 12 kinawaka chenyewe. Kazi yake ni kutafsiri ombi kuwa lugha ya mashini kabla ya kulifanya. Kwa ombi moja kubwa la kuhesabu usiku, hiyo inasaidia. Kwa ramani, ambako kila ukisogeza panya kuna maombi madogo mengi, unaweza kupoteza muda mrefu kutafsiri kuliko kufanya kazi. PostGIS ya toleo la 3 inakiamsha kwa urahisi, juu kazi zake zimeandikwa kuwa ghali mbele ya yule mpangaji wa njia. Utaijua kwa EXPLAIN ANALYZE: chini kabisa kutakuwa na mistari ya JIT na muda wake. Kama huo muda ni nusu ya muda wote, weka jit = off. Faili yetu ya zamani ilikuwa nayo hivyo, mtu aliyetutangulia aliandika pembeni kwa Kifaransa kwa nini. Mungu ambariki, sijui hata sasa anafanya kazi wapi.

Baada ya hayo matatu, orodha ilirudi kwa sekunde 3, safu ya mashamba hauhesabu.

Kuna hatari mbili zingine ambazo si za uzito, ila zinaingia kwa mlango ule ule, na ni mbaya kuliko uzito.

Moja: baze mbili kwa serveri moja. Ubuntu ikipandisha toleo, mara nyingi inaacha PostgreSQL ya zamani kwa mlango 5432 na kuweka mpya kwa mlango 5433. Andika pg_lsclusters, utaona zote mbili na kama ziko macho. Ikiwa ya zamani bado iko macho, inakula kumbukumbu, hiyo ni kidogo. Kubwa ni kwamba tableti za ma-ajenti zinaweza kuendelea kuandika kwa ya zamani wakati wewe unasoma mpya. Juma mbili baadaye una mashamba ambayo hayako, na ajenti anaapa aliyapima. Ana haki.

Mbili: wale wanaotoka mbali zaidi, Ubuntu 18.04 kwenda 20.04 ao juu yake. Kati hapo maktaba moja ya ndani ya Linux, glibc, toleo 2.28 la mwaka 2018, ilibadilisha utaratibu wa kupanga maneno. Indeksi za maneno zilizotengenezwa kwa utaratibu wa zamani zinaweza kudanganya. Unatafuta Nyangezi, baze inakuambia haiko, na iko. Hapo ramani si nzito hata kidogo, inajibu haraka sana, na jibu ni uongo. Dawa ni REINDEX kwa baze yote, wakati watu wametoka. Indeksi za PostGIS za mahali hazina hiyo shida, ni zile za majina.

Kwa disiki na kumbukumbu, sitasema mengi. Ndiyo, kuna siku mashini inakuwa imezeeka kweli. Lakini mashini iliyotosha siku ya tano haiwezi kukosa kutosha siku ya kwanza bila kitu kubadilika kati yao. Hilo ndilo nililomuambia shefu, na nilikuwa na karatasi mkononi: EXPLAIN ya kabla na ya baadaye, sekunde 96 na sekunde 2. Alisoma namba, akapiga simu kwa duka. Siku ya tatu orodha zilitoka kwa imprimante, kila mahali pa kugawa na yake, ya milimani na ya chini. Mafuta yalinunuliwa mafuta.

Kama serveri yenu itapandishwa mwaka huu, kabla fundi hajaanza mumuombe nakala ya postgresql.conf, muiweke hata kwa simu. Mutume maombi yenu matatu makubwa na EXPLAIN ANALYZE, muhifadhi majibu, juu bila namba za kabla hamutakuwa na kitu cha kulinganisha. Na muulize mbele: atatumia chombo gani kuhamisha baze, na ANALYZE itafanywa na nani, saa ngapi. PostgreSQL 18, iliyotoka mwezi wa kenda 2025, inahamisha takwimu nyingi wakati wa pg_upgrade, ila hiyo ni kwa wanaohamia 18. Wengi wetu tuko bado 14 na 16, na faili ya mipangilio hata huko inabaki juu yako.

Yaya wa Uvira, picha uliyonitumia ya EXPLAIN inaonyesha namba mbili zinakaribiana, kwa hiyo takwimu ziko. Lakini kwa picha ya pili shared_buffers ni 128MB, na chini kuna JIT sekunde 7 kati ya 9. Anza hapo leo jioni, na unitumie picha ingine.